POLE HAILIPI DENI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa matawi. Tunaipiga chapa kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya neno moja ambalo siku hizi limejaa vinywani mwa watu, nalo ni fidia. Katika matawi tumesikia maneno ya namna mbili. Wako wanaosema kwamba mkoloni aliua, akachoma, akafanyisha watu kazi bila malipo, basi na alipe. Na wako wanaosema kwamba sisi tumekwisha jitawala tangu 1961, na kumwendea mtawala wa jana kumwomba fedha ni kurudi kupiga magoti pale pale tulipoinuka. Hawa wa pili hutukumbusha Azimio la Arusha la 1967, lililotufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linalotegemea mkono wa mwingine halijawa huru.

Ndugu zangu, pande zote mbili ni wanachama wenzetu na wote wanaipenda nchi yao. Hatukuja hapa kumtukana mtu. Tumekuja kusema kile tunachokiona kuwa ni kweli: fidia si msaada, fidia ni deni, na mtu anayedai deni lake hapigi magoti.

Hebu tuanze na maana ya maneno. Mkulima hupeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika. Pamba inapimwa, anapewa stakabadhi, anaambiwa angoje malipo. Siku anaporudi na stakabadhi yake mkononi, je, amekwenda kuomba? La hasha. Mwombaji hupokea chochote atakachopewa na kusema ahsante. Mwenye kudai huhesabu, na ikipungua senti husema imepungua. Msaada una bwana wake: yeye ndiye anayeamua ni kiasi gani, cha kazi gani, mpaka lini, na akikasirika anaukata. Lakini katika deni, neno ni la yule anayedai. Ndiyo maana mataifa makubwa hupenda sana kutamka msaada, na wakisikia fidia hutazama pembeni.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwao. Wanalijua kuliko sisi.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake, na likatenga paundi milioni 20 kuwa fidia. Fidia ya nani? Si ya mtumwa aliyepigwa viboko katika mashamba ya miwa. Ilikuwa ya bwana wake, kwa kuwa amepoteza mali! Mtumwa mwenyewe hakupata hata shilingi. Na Hazina ya Uingereza yenyewe ilikuja kusema kwamba mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya malipo hayo ulimalizika kulipwa mwaka 2015.

Hata hapa kwetu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mwaka 1897, Unguja ikiwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, ilitolewa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Twaitaja habari hii ingawa baadhi ya mabwana hao walikuwa watu wa pwani hii hii, maana anayedai haki hana budi kuisema yote, hata ile inayomgusa nyumbani kwake.

Sasa tutazame Vita Kuu ya kwanza. Mjerumani aliposhindwa, wenzake wa Ulaya walimketisha mezani Versailles mwaka 1919 na kumwandikia madeni. Mwaka 1921 wakataja hesabu yenyewe: marki za dhahabu bilioni 132. Nyingi hazikulipwa, lakini kanuni ilikubaliwa na wote, kwamba aliyeharibu nchi ya mwenzake na alipe. Na mabaki ya mikopo iliyotokana na fidia hiyo yalimalizwa kulipwa na Ujerumani tarehe 3 Oktoba 2010.

Vita hiyo, ndugu zangu, ilipiganwa hapa pia. Ilipita Tanga, ikapita Moshi, Morogoro, Mahenge na Lindi, mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwingereza peke yake alikusanya wapagazi karibu milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi za jirani, wengi wao kwa nguvu, wakabeba risasi na chakula vichwani. Vifo vilivyoandikwa tu katika vitabu vya serikali vilipita 90,000; walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi. Kambi ya wapagazi hao iliyokuwa Dar es Salaam ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo, tunakokwenda kununua nguo na mboga. Wengi waliokufa, mishahara yao haikufika kwa wajane wao wala kwa watoto wao.

Basi katika mkataba ule wa Versailles watu wa Tanganyika waliandikiwa nini? Tafuteni kifungu cha 246. Kinasema kwamba Ujerumani ilikabidhi Serikali ya Mwingereza fuvu la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, na ifanye hivyo katika muda wa miezi sita. Wabelgiji na Wafaransa waliandikiwa mabilioni. Sisi tuliandikiwa fuvu moja, na hata hilo apewe Mwingereza! Na ile miezi sita ikawa miaka zaidi ya 30. Fuvu lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam.

Tunalolisema ni hili. Anayetuambia kwamba fidia haiwezekani, kwamba haihesabiki, kwamba haina mfano, anasahau vitabu vyake mwenyewe. Waliihesabu na wakailipa. Wao kwa wao waliandikiana madeni, na mabwana wa watumwa waliwalipa, lakini sisi hatukuandikwa kabisa katika orodha ya wenye kudai.

Sasa tufungue daftari letu wenyewe, na tulifungue mahali pamoja tu: vita vya Maji Maji.

Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali. Kwa nini pamba? Kwa sababu walilazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja, wakaacha mashamba yao ya chakula, na malipo yalipokuja yalikuwa madogo hata wako waliokataa kuyapokea. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya rupia 3, na kiboko cha akida. Kwa hiyo asili ya vita vile ilikuwa deni la kazi. Babu zetu walidai ujira wao, na jibu walilopewa likawa ni bunduki. Kinjeketile wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.

Mjerumani alipoona kwamba vita vinaenea mpaka Mahenge na Ungoni, aliamua kupigana kwa njaa. Askari wake walichoma vijiji, wakachoma maghala ya nafaka, wakazuia watu wasilime. Vita vilipokwisha mwaka 1907 njaa iliendelea kuua. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikubali kwamba watu 75,000 walikufa. Mwanahistoria wetu G. C. K. Gwassa, aliyezungumza na wazee wa sehemu zile, aliona kwamba idadi ilifika 250,000 na hata 300,000. Upande wa pili walikufa Wazungu 15. Kule Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa siku moja na kuzikwa katika kaburi moja, na siku chache baadaye akanyongwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Wajukuu wake wanaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka walipokuja wageni wakubwa mwaka 2023 walikuwa bado wanakiulizia.

Wageni hao walikuwa Rais wa Ujerumani, Ndugu Frank-Walter Steinmeier, na ujumbe wake. Tarehe 1 Novemba 2023 alisimama Songea, akainamisha kichwa mbele ya makaburi, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Ndugu wanachama, hatuibezi safari ile. Mtu aliyekuja mpaka mlangoni kwa aliyemkosea amefanya jambo la kiungwana, na wazee wa Songea walimpokea kwa heshima kama ilivyo desturi yetu. Lakini aliposema kwamba ataondoka na hadithi hizi kwenda kuwafundisha watu wake, hakusema neno juu ya malipo. Nasi twajua kwamba mtu akikuchomea ghala lako, anakuja kukupa pole, mnakunywa maji pamoja, kisha wazee huuliza: na ghala je? Pole hailipi deni.

Na hili si jambo la Tanzania peke yake. Mwaka 1904 jenerali Lothar von Trotha, aliyekwisha tumikia jeshi la Mjerumani hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, alitoa amri ya kuwamaliza Waherero katika nchi ambayo leo ni Namibia. Wanama nao wakafuata. Mwezi Mei 2021 Serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba inakubali kuwa yale yalikuwa mauaji ya kimbari, na kwamba itatoa Yuro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Lakini walichagua maneno yao kwa uangalifu. Fedha hizo hawakuziita fidia, waliziita za maendeleo. Tena wakuu wengi wa Waherero na Wanama walilalamika kwamba mapatano yalifanywa na serikali mbili, nao wenye maiti hawakuketi mezani ipasavyo. Wakayakataa.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Wazee waliopigwa na kuteswa katika makambi wakati wa vita vya Mau Mau walimshtaki Mwingereza katika mahakama yake mwenyewe, London, mwaka 2009. Serikali ya Uingereza ilijibu kwamba jambo hili ni la zamani mno. Wakati kesi inaendelea ikafichuka kwamba kulikuwa na mafaili ya kikoloni yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru na kufichwa Uingereza miaka yote hiyo. Jaji akasema kesi na isikilizwe. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kutoa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi ndani yake, kwa wadai 5,228. Ilisema inasikitika; lakini haikukubali kwamba inawajibika kisheria. Hata hivyo wazee walipata kitu ambacho hakuna msaada wowote uliowahi kuwapa: waliandikwa kuwa wenye kudai.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa habari hiyo. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi nyingine, na mwaka 2018 mahakama iliitupa. Muda mrefu ulikuwa umepita, na mashahidi wengi walikuwa wamekufa. Hapo ndipo pa kujifunza kwetu.

Sasa tujibu maswali tuliyoyasikia katika matawi.

La kwanza: mambo haya ni ya zamani mno. Twajibu kwamba deni la mabwana wa watumwa la 1833 lilimalizwa 2015, na deni la Versailles lilimalizwa 2010. Muda haukuyafuta madeni yao. Kwa nini uyafute yetu? Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

La pili: mkoloni alijenga reli. Kweli, Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, ikafika Kigoma 1914. Lakini nani alichimba tuta na kulaza mataruma? Ni mikono yetu. Na ilijengwa ili kufikisha mazao bandarini. Mtu akijenga njia ya kutolea mali shambani mwako, hawezi kukudai bei ya njia.

La tatu ni zito, maana linatoka kwa wenzetu wanaolitakia taifa heri: tutakuwa ombaomba, tutaacha jembe tungoje hundi ya Ulaya. Twakubali hatari hiyo ipo. Ndiyo maana twasema fidia isiwe fedha ya kuendeshea serikali, wala isitajwe katika bajeti kana kwamba ni mvua inayongojewa. Kujitegemea hakumaanishi kusamehe wezi. Mtu anayejitegemea ndiye hasa anayejua thamani ya jasho lake, naye ndiye wa kwanza kulidai.

La nne ndilo linalonong'onwa, nasi tutalisema kwa sauti: zikija, zitaliwa na wakubwa. Ndugu wanachama, hofu hii si ya bure. Mfano uko katika Bahari yetu hii ya Hindi. Watu wa visiwa vya Chagos walihamishwa na Mwingereza kati ya 1968 na 1973 ili Marekani wapate kambi ya vita Diego Garcia. Uingereza ilitoa paundi 650,000 kwa ajili yao, zikapewa Serikali ya Mauritius. Na watu wenyewe, waliokuwa wakiishi katika vibanda vya Port Louis, walikaa miaka kadhaa bila kuziona. Basi tukidai kwa mkoloni ukweli, tuudai na kwetu. Fidia ya Maji Maji ikilipwa na isiende mahali pasipojulikana. Watu wa Umatumbi, Ungoni, Mahenge, Liwale na kwingineko walikofia watu wao wawe mezani siku ya kupatana, na wawe mezani siku ya kupokea.

Serikali yetu imekwisha gusa jambo hili. Mwezi Februari 2017 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Dk. Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba Serikali inafikiria kudai fidia kwa Ujerumani. Afrika nzima nayo haikulala. Mwaka 1993 wajumbe wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Abuja na kutoa tamko la kudai fidia. Na mmoja wa waliokuwa katika kamati ya watu mashuhuri wa jambo hilo alikuwa Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliufanya kuwa mwaka wa kudai haki kwa njia ya fidia. Sauti zipo. Lakini twajua kwamba tamko la wakubwa bila kazi ya matawi ni ngoma inayopigwa bila wachezaji.

Basi kazi ya tawi ni ipi?

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakaketi na wazee walioviona vita vya Maji Maji kwa macho, wakaandika. Wazee wale wote wamekwisha zikwa. Kama vijana wale wangengoja miaka kumi tu, sehemu kubwa ya habari ile ingezikwa pamoja nao. Leo waliobaki ni watoto wa watoto wao. Kwa hiyo kila tawi lenye wazee na litafute daftari. Waandikwe waliouawa, majina na koo zao. Yaandikwe makaburi yako wapi, na mapango ambamo watu walijificha. Ziandikwe familia za wapagazi ambao hawakurudi. Walimu wa shule watusaidie, maana wao wana kalamu na watoto wana miguu. Nakala moja ibaki kijijini, na moja iende makao ya wilaya, zisije zikafichwa kama yale mafaili ya Kenya.

Pili, tujifunze kutamka neno lenyewe. Akija mgeni akasema ametuletea msaada kwa sababu ya historia yetu ya pamoja, tumshukuru kwa adabu, kisha tumwulize: huu ni msaada au ni sehemu ya malipo? Kama ni malipo, yaandikwe hivyo. Kama ni msaada, basi deni bado liko pale pale.

Tatu, tudai vichwa vya watu wetu vilivyomo katika masanduku ya Ulaya. Mwaka 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba vya ukoo wamewapata jamaa walio hai wa mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. Kama ukoo unaweza kujulikana baada ya miaka zaidi ya 100, asituambie mtu kwamba wenye kudai hawajulikani.

Ndugu wanachama, siku ya kulipwa inaweza isifike katika umri wetu. Wale wazee 67 wa Songea, kama wengi wanavyowahesabu, hawakuiona bendera ya 1961, na bado walikuwa miongoni mwa walioipandisha. Sisi kazi yetu ni kuhakikisha kwamba atakayekuja kudai baada yetu atakuta stakabadhi iko, imeandikwa vizuri, na majina hayakukosewa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nasi twaongeza kwamba hakuna anayelipa deni lisilodaiwa.

Madaftari yako kwa katibu wa tawi. Atakayejitolea kuandika na abaki tukimaliza.

Uhuru na Umoja!